Lita Ngapi za Dizeli?

Ripoti ya kwanza ya uendelevu niliyomwandalia mteja ilikuwa na kurasa 28, picha ya mche wa mti kwenye viganja vya mtoto, na maneno "tunaijali dunia" mahali pasipopungua saba. Mteja alikuwa na kiwanda kidogo cha kusindika vyakula. Mnunuzi wake wa Ulaya alikuwa ameomba taarifa, nami, mhasibu niliyezoea mizania na marejesho ya kodi, nikatafuta ripoti ya kampuni kubwa nikaiga sura yake. Tukajisifu. Baada ya wiki moja likaja jibu la mistari miwili: asanteni kwa ripoti nzuri, je, mwaka jana mlitumia lita ngapi za dizeli?

Hatukujua. Risiti zilikuwepo, lakini nyingine zilikuwa kwenye dashibodi ya lori, nyingine kwenye droo ya mtunza stoo, na za miezi miwili mizima alikuwa nazo dereva aliyekwisha kuacha kazi. Ilituchukua siku nne kujibu swali moja. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi, ambaye daftari ndilo linalonilisha, nilikuwa nimeandika kurasa 28 bila kulifungua.

Naandika haya kwa ajili ya mwenye biashara ndogo au ya kati ambaye ameanza kuulizwa maswali ya namna hiyo, au atakayeulizwa karibuni. Nataka kumwonyesha kwamba ripoti anayoombwa anaweza kuiandaa mwenyewe kwa karatasi alizo nazo ndani, na kwamba ikiandaliwa vizuri haizidi kurasa sita.

Kwanza, ni nani anayeuliza? Kwa wauzaji wa nje ni mnunuzi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuzitaka kampuni kubwa zieleze athari zao kwa mazingira na kwa watu, pamoja na athari za wale wanaoziuzia bidhaa. Kampuni ya Ujerumani inayonunua nanasi kavu kutoka Pwani haiwezi kueleza habari za nanasi hilo bila kumuuliza aliyelikausha. Ndiyo maana mtu aliyeko Kiwangwa anapata dodoso lililoandikwa kwa ajili ya sheria isiyomhusu. Ni kweli kwamba Februari 2025 Kamisheni ya Ulaya yenyewe ilipendekeza kupunguza sana idadi ya kampuni zinazobanwa na sheria hiyo, na nimewasikia watu wakisema mambo yamekwisha. Sikubaliani nao. Mnunuzi aliyekwisha kuzoea kuuliza haachi kwa sababu sheria imelegezwa.

Muulizaji wa pili ni benki, na huyu yuko hapa hapa nyumbani. Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo kuhusu hatari zitokanazo na tabianchi mwaka 2021, Benki Kuu ya Tanzania ikafuata mwaka 2022. Benki za biashara zinatakiwa kujua mikopo yao imekaa kwenye hatari gani, na haziwezi kujua bila kumuuliza mkopaji. Usishangae ukikuta ukurasa wa maswali ya mazingira katikati ya fomu ya mkopo wa mashine. Nchini Kenya, ratiba ya ripoti za lazima iliyowekwa na ICPAK, chama cha wahasibu, inaanza na kampuni zenye maslahi ya umma mwaka 2027, na biashara ndogo na za kati zimewekewa mwaka 2029. Hiari ya leo ni wakati wa kujizoeza.

Sasa niseme jambo ambalo washauri wenzangu hawapendi kulisema: si kila biashara inahitaji ripoti. Mama lishe hahitaji. Duka la rejareja halihitaji, wala fundi seremala anayewauzia majirani. Kama hakuna mnunuzi, benki wala mfadhili anayekuuliza, na huna mpango wa kuwafuata, weka kumbukumbu zako tu na uendelee na kazi. Pia usichanganye hiari na lazima. Anayeuza kahawa Ulaya anakabiliwa na sheria ya ukataji misitu, inayotaka kujulikana kila shamba liko wapi na kwamba halikufyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini ile ni sheria, na ripoti ninayoizungumzia hapa haikuondolei wajibu huo.

Anayehitaji aanzie wapi? Ipo miongozo mingi, na mingi imeandikwa kwa ajili ya kampuni zenye idara nzima ya kazi hiyo. Ninaoupendekeza mimi ni ule unaoitwa VSME, ulioandaliwa na EFRAG, chombo cha ushauri cha Brussels, na kukabidhiwa kwa Kamisheni ya Ulaya Desemba 2024. Kamisheni ikaupendekeza rasmi tarehe 30 Julai 2025. Uliandikwa kwa ajili ya biashara ndogo za kule, lakini hakuna anayemzuia Mtanzania au Mkenya kuutumia, na faida yake ni kwamba mnunuzi wako anaujua. Una sehemu mbili. Ya msingi ina vipengele 11, ya pili ina 9 vya ziada. Shika ya msingi tu. Hiyo ya ziada iache hadi mtu mwenye fedha mkononi akuombe.

Jihadhari na kitu kimoja: maana ya "ndogo" si ile ile. Kwa sera ya Tanzania ya mwaka 2003, biashara ndogo ina wafanyakazi 5 hadi 49, ya kati 50 hadi 99, na kuanzia 100 ni kubwa. Ulaya wanaihesabu kuwa ya kati hadi inapokaribia wafanyakazi 250. Kwa hiyo kiwanda kinachoitwa kikubwa Morogoro kinaweza kuwa cha kati machoni pa mnunuzi wake. Mwanzoni mwa ripoti andika idadi ya watu wako, usiandike jina la kundi.

Tuchukue mfano. Tuseme una kiwanda cha kukausha mananasi na maembe Kiwangwa, wilayani Bagamoyo. Una wafanyakazi 34 wa mwaka mzima, na msimu unapofika unachukua vibarua 24. Una umeme wa TANESCO, jenereta, lori moja, majiko ya gesi, kisima, na kuni za kukaushia siku za mvua.

Anza na nishati, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kwanza na ndiyo iliyonitoa jasho mimi. Wengi hujumlisha fedha walizolipa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Fedha hazisemi kweli: ndani yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (udhibiti wa nishati), na siku hizi hata kodi ya jengo. Chukua uniti. Uniti moja ni kilowati-saa moja, na kila ujumbe wa LUKU unaandika uniti ulizopewa. Hata hivyo uniti ulizonunua si lazima ziwe zile ulizotumia. Ulizonunua tarehe 30 Desemba utazitumia Januari. Tiba yake ni kusoma mita tarehe ya kwanza ya mwaka wako wa hesabu na tarehe ya mwisho, ukapiga picha zote mbili kwa simu. Kazi ya dakika mbili kwa mwaka.

Dizeli ipime kwa lita. Mpe mtunza stoo daftari lenye safu nne: tarehe, lita, imeingia wapi (jenereta au lori), na saini. Tuseme mwaka mzima zimetumika lita 6,000. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, kwa hiyo una tani 16.2. Petroli ni takriban kilo 2.3 kwa lita, na gesi ya kupikia takriban kilo 3 kwa kila kilo ya gesi. Ukitumia kilo 900 za gesi ongeza tani 2.7. Jumla ya moto unaowaka ndani ya uzio wako na kwenye gari lako ni tani 18.9. Hesabu imekwisha. Nimeona watu wakilipa fedha nyingi kwa ajili ya hesabu hii ya darasa la sita.

Umeme wa gridi unahesabiwa peke yake, kwa sababu moshi wake unatoka kwa mwingine. Unazidisha uniti zako kwa kiwango cha nchi cha hewa ukaa kwa kila uniti, na kiwango hicho hutofautiana sana. Kenya ina mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, kwa hiyo kiwango chake ni kidogo. Tanzania imetegemea gesi ya Songosongo na Mtwara kwa muda mrefu, na sasa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 linabadilisha mizani. Maana yake kiwango cha miaka mitano iliyopita kitakuonyesha mchafu kuliko ulivyo. Tafuta cha karibuni zaidi, kisha andika umekitoa wapi na ni cha mwaka gani. Mkaguzi hatagombana na kiwango chenye chanzo. Atagombana na namba iliyoshuka kutoka mbinguni.

Kuni zina utaratibu wake. Hewa ukaa inayotokana na kuni haichanganywi kwenye jumla ya dizeli na gesi, huandikwa pembeni. Lakini usizifiche. Andika umetumia tani ngapi, umenunua kwa nani, na kama una stakabadhi za TFS, wakala wa misitu. Mnunuzi akiona umekaa kimya kuhusu kuni wakati picha zako zinaonyesha tanuri, ataanza kuyatilia shaka hata yale uliyoyaandika sawasawa.

Maji ya bomba yana ankara. Kisima hakina, na hapo ndipo wengi huandika "haihusiki". Inahusika sana. Kama huna mita, jaza tangi la lita 1,000 ukitazama saa. Likijaa kwa dakika 25, pampu yako inatoa lita 2,400 kwa saa, na saa za pampu unaweza kuziandika kila siku. Kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa Bagamoyo ni Wami/Ruvu, kitaje kwa namba. Pia utaulizwa kama eneo lako limo ndani au karibu na sehemu yenye viumbe wanaohitaji ulinzi. Sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani imo wilayani Bagamoyo, kwa hiyo fungua ramani, pima umbali, uandike.

Taka zinahitaji mizani na uvumilivu. Huwezi kupima maganda kila siku, na hakuna anayekutaka ufanye hivyo. Pima wiki moja ya msimu na wiki moja ya kiangazi cha biashara, zidisha, na useme wazi kwamba ni makadirio. Maganda anayochukua mfuga ng'ombe wa jirani yahesabu, kisha eleza kwamba hayakutupwa. Mafuta machafu ya jenereta na betri zilizokufa ziweke kwenye fungu la taka hatarishi, hata kama ni kidogo. Nimewahi kuuliza mafuta machafu yanakwenda wapi nikajibiwa "kuna kijana anakuja kuyachukua." Jibu hilo halitoshi kwenye ripoti, na halikutosha hata kabla ya kuwa na ripoti.

Upande wa watu ndio wengi wanauogopa, kumbe ndio karatasi zake ziko tayari zaidi. Orodha ya michango ya NSSF inakupa idadi ya wafanyakazi kila mwezi. Makato ya PAYE yanakupa mishahara. WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) na OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) wana kumbukumbu za ajali na ukaguzi. Utaulizwa wanawake wangapi na wanaume wangapi, mikataba ya kudumu mingapi na ya muda mingapi, kama kila mtu analipwa angalau kima cha chini cha sekta yako, kama kuna mkataba wa hali bora na chama cha wafanyakazi, na mafunzo ya saa ngapi.

Vibarua ndio huwachanganya watu. Wahesabu kwa saa. Kama wale 24 walifanya kazi saa 500 kila mmoja, hizo ni saa 12,000, sawa na watu sita wa mwaka mzima tukichukua saa 2,000 kwa mtu. Jumla una watu 40 na saa 80,000. Sheria yetu inaruhusu hadi saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo watu wako huenda wamevuka 2,000 kwa mwaka. Daftari la mahudhurio ndilo litakalosema, si kanuni yangu. Sasa chukua ajali. Kama zilikuwa mbili, gawa kwa saa 80,000 halafu zidisha kwa 200,000. Unapata 5. Ni kana kwamba katika watu 100 wanaofanya kazi mwaka mzima, watano waliumia.

Hapo mwenye kiwanda huniangalia usoni na kuuliza: "Kwani ni lazima tuandike mbili?" Ndugu yangu, andika mbili. Andika na ulichofanya baada ya hapo: kinga ya kisu cha kukatia matunda, glavu, sakafu isiyoteleza. Kiwanda cha visu, maji na sakafu ya sementi kinachodai hakijapata hata mkwaruzo kwa mwaka mzima kinamwambia msomaji kwamba hakuna anayeandika. Mimi binafsi nikiona sifuri kila mahali hufunga ripoti na kuomba daftari la huduma ya kwanza. Plasta hazidanganyi.

Kipengele cha mwisho cha sehemu ya msingi kinauliza kama kampuni imewahi kuhukumiwa au kutozwa faini kwa rushwa katika mwaka wa ripoti. Andika ukweli, upite.

Kuna mambo usiyopaswa kuyaandika. Kama una mhasibu mmoja wa kike na meneja mmoja wa kiume, jedwali la wastani wa mishahara kwa jinsia na cheo linawavua nguo hadharani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, adabu ingetosha. VSME haidai tofauti ya mishahara ya wanawake na wanaume kwa biashara yenye wafanyakazi chini ya 150. Siri ya kibiashara pia unaruhusiwa kuiacha, ili mradi useme kwamba kuna kitu umekiacha.

Na maneno matamu yaache. "Rafiki wa mazingira", "kijani", "bila kaboni": kuanzia tarehe 27 Septemba 2026 nchi za Umoja wa Ulaya zinaanza kutumia sheria inayokataza kumwambia mlaji maneno ya jumla ya namna hiyo bila ushahidi, na inayokataza kuiita bidhaa haina madhara kwa hewa kwa sababu tu umelipia miti ipandwe kwingine. Mnunuzi wako akiyanakili maneno yako kwenye pakiti, atakayeshtakiwa ni yeye, na atakayepoteza soko ni wewe. Badala yake andika: "Tulitumia lita 6,000 za dizeli kukausha na kusafirisha tani 60 za matunda; tunataka kufika lita 80 kwa tani ifikapo mwaka ujao kwa kuongeza vikaushio vya jua." Sentensi hiyo inamtosha afisa mikopo. Wewe mwenyewe inakuonyesha kwamba leo unatumia lita 100 kwa tani, jambo ambalo pengine hukulijua. Mteja wangu yule hakulijua. Tulipopanga namba kwa mwezi tukakuta jenereta inakunywa dizeli hata wiki ambazo umeme haukukatika. Sitasema zaidi, ila mlinzi wa zamu ya usiku alibadilishwa.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kupendekeza kazi hii hata kwa anayeichukia. Barua ya mnunuzi inakuja mara moja kwa mwaka, dizeli inalipwa kila wiki.

Mwaka wa kwanza usimwajiri mshauri. Najua nami ni mmoja wao, lakini kwa fedha hizo nunua mizani na mita ya maji. EFRAG wametoa jedwali la Excel la bure lenye nafasi za kujaza. Mteue mhasibu wako awe msimamizi, mtunza stoo ashike dizeli na kuni, msimamizi wa zamu ashike ajali. Tumia mwaka ule ule wa hesabu zako za fedha ili namba zisigombane. Mahali ulipokadiria sema umekadiria, na mahali ambapo hukupima mwaka huu sema utaanza lini. Mwaka wa pili ndipo ripoti inapoanza kuwa na maana, kwa kuwa kuna cha kulinganisha. Ukifika hapo na benki ikataka mtu wa nje athibitishe, tafuta mkaguzi.

Kisha litumie daftari lako kama ngao. Ukiletewa dodoso la maswali 200 na mnunuzi mmoja, na jingine la maswali 150 tofauti na mwingine, usikeshe ukijaza. Watumie wote ripoti moja, na barua ya heshima ukieleza kwamba umefuata VSME, mwongozo uliopendekezwa na Kamisheni ya Ulaya kwa ajili ya biashara za ukubwa wako, na kwamba uko tayari kujibu swali lolote la ziada lenye sababu. Wengi watakubali. Asiyekubali muulize kama atalipia gharama ya taarifa hizo za ziada. Una haki ya kuuliza.

Kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, kasome mita ya umeme uipige picha. Kisha muulize mtunza stoo wako lita ngapi za dizeli zilitoka jana, na usimwachie hadi akuonyeshe palipoandikwa.